Maswali na Majibu: Farasi Kijana, Alama na Jicho la Jaji

Barua nyingi mwezi huu zimehusu dresaji, mchezo ambao farasi na mpandaji wake huonyesha miendo na mazoezi yaliyopangwa ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60, na majaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Tumechagua zinazohusu farasi vijana, kwa sababu hapo ndipo manung'uniko juu ya majaji ni mengi zaidi. Kwa msomaji mgeni: hatua ni kutembea, telki ni mwendo wa mapigo mawili, na kanta ni shoti ya polepole yenye mapigo matatu.

Mhariri, salaam. Mimi ni saisi kwenye banda la kuzalisha farasi kaskazini mwa Ujerumani. Farasi jike wetu wa miaka 5 alionyesha telki mpaka watu wakapiga makofi, halafu akashindwa na farasi ambaye hakuna aliyemzungumzia. Majaji walikaa pamoja wakatoa alama tano tu. Hizo si hisia za watu watatu?

Ndugu msomaji, hisia zimo, hatutakuficha. Ila kabla ya kuwatupia majaji lawama, kaa chini na ile karatasi ya alama. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, farasi wa miaka 5 na 6 hawapimwi zoezi moja moja. Majaji hushauriana na kutoa alama tano za pamoja: telki, hatua, kanta, utiifu na matarajio. Kila alama inaweza kuwa na desimali moja. Hujumlishwa, hugawanywa kwa 5, kisha huzidishwa kwa 10 kupata asilimia. Kwa hiyo telki, hata iwe ya kuduwaza, ni sehemu moja tu kati ya tano.

Chukua mfano. Farasi wa kwanza ana telki 8.4, hatua 7.2, kanta 8.6, utiifu 7.0, matarajio 8.2. Jumla ni 39.4, yaani asilimia 78.8. Wa pili ana telki 7.6, hatua 8.4, kanta 7.8, utiifu 8.4, matarajio 7.8. Jumla ni 40.0, yaani asilimia 80. Huyu wa pili amezidiwa katika telki, kanta na matarajio, na bado ameshinda. Amebebwa na hatua na utiifu, vitu ambavyo mtu aliyeketi jukwaani huviona kwa shida.

Hatua ndiyo inayowaangusha wengi, na ndiyo ngumu kuirekebisha. Ina mapigo manne: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, na nafasi kati ya mapigo iwe sawasawa. Farasi kijana akiingiwa na wasiwasi, au mpandaji akimfupishia hatamu, mgongo hukakamaa na miguu ya upande mmoja huanza kwenda pamoja kama ya ngamia. Jaji akiliona hilo, urefu wa hatua hauwezi tena kumwokoa.

Mwombe mwenzako asimame ubavuni, mita kama 10, achukue video ya simu kwa mwendo wa taratibu. Kuna kitambo kifupi ambapo ukwato wa nyuma unakaribia kutua huku wa mbele wa upande uleule ukianza kunyanyuka, na miguu hiyo miwili hufanya umbo la V. Ukiliona V hilo kila mara, kushoto na kulia, mapigo yako salama. Miguu miwili ikienda sambamba kama nguzo za mlango, hapo pana kazi. Urefu nao upime kwa macho: piga reki mchanga, mpitishe farasi mara moja, kisha inama utazame. Alama ya ukwato wa nyuma ikitangulia ya ukwato wa mbele kwa kwato moja hadi mbili, hatua hiyo ni nzuri.

Dawa yake haipatikani kwa kuirudiarudia uwanjani. Mtoeni nje dakika 20 hadi 30 kwenye mwinuko mdogo, hatamu ndefu, shingo ikiachwa kunyooka mbele na chini. Siku ya mashindano, baada ya kipande cha hatamu ndefu, zirudisheni mkononi sentimita chache chache, katika hatua nne au tano. Akikamatwa mdomo ghafla, mapigo huvunjika papo hapo, tena mbele ya macho ya jaji.

Tukija kwenye matarajio, hapo ndipo malalamiko yako yana uzito. Jaji anaulizwa farasi huyu atakuwaje akifika Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji, miaka kadhaa mbele. Huko ni kubashiri. Hata hivyo kuna mambo ya kutazama: kanta iwe kama ya kupanda mlima, mguu wa nyuma ujikunje na kuingia chini ya tumbo, na farasi aweze kupunguza mwendo bila kupoteza nguvu. Mguu wa mbele unaorushwa juu hulivuta jicho, na kwa maoni yetu umelipwa kupita kiasi kwa miaka mingi. Piga picha telki ndefu kutoka ubavuni. Mguu wa mbele na ule wa nyuma ulio mshazari nao iwe inafunguka kwa pembe zinazolingana. Kama wa mbele uko juu na wa nyuma umebaki nyuma, unachokiona ni mgongo uliokaza, na jaji makini atalisema hilo.

Wakati mwingine macho ya majaji tofauti hukubaliana mwaka baada ya mwaka: dume Sezuan alikuwa bingwa wa dunia wa farasi vijana akiwa na miaka 5, 6 na 7, yaani 2014, 2015 na 2016. Na fedha hufuata alama hizo. Poetin, farasi jike aliyekuwa bingwa wa dunia wa miaka 6 mwaka 2003, aliuzwa mnadani mwaka uleule kwa euro milioni 2.5. Kwa bei za namna hiyo, si ajabu kila desimali ikagombaniwa.

Mimi nashindana Nairobi, eneo la Karen. Katika jaribio la kawaida, jaji wa C alinipa asilimia 68, wa E asilimia 63. Nani anasema kweli?

Dada yetu, huenda wote wawili. Herufi hizi ni alama za mahali uwanjani. Jaji wa C anakaa mwisho wa uwanja, mbele yako unapoingia. Anaona kama umenyooka kwenye mstari wa katikati, pembe ya bega-ndani (zoezi ambapo mabega ya farasi huingizwa ndani ya mstari anaoufuata), na kama kushoto kunalingana na kulia. Jaji wa E anakaa katikati ya upande mrefu. Yeye anaona pua imeingia nyuma ya mstari wima au la, ukwato wa nyuma unafika wapi, na kama farasi anarefusha mwili au anakimbia tu.

Angalia zoezi la kusimama penye X, katikati ya uwanja. Jaji wa C anaona mwili umenyooka na miguu ya mbele iko pamoja, anatoa 7.5. Jaji wa E anaona mguu mmoja wa nyuma umeachwa sentimita 20 nyuma, anatoa 6. Mguu huo jaji wa C hauoni, kifua cha farasi kimemziba.

Sasa ile tofauti ya 5. Jaji akiwa chini kwa nusu alama tu katika kila zoezi, karatasi nzima hushuka kwa asilimia 5 kamili. Yaani mmoja alikuona farasi wa karibu 7, mwingine wa karibu 6.5. Ukilitazama hivyo, pengo si kubwa kama lilivyoonekana ubaoni.

Usilinganishe jumla. Weka karatasi mbili kando kwa kando, upitie zoezi kwa zoezi. Pengo likiwa limekusanyika kwenye mazoezi matatu au manne, sababu kubwa ni pembe ya kuonea, na hapo umepata orodha ya kazi ya wiki ijayo. Likiwa limesambaa kote, tazama alama za washindani wengine. Jaji wa E akiwa chini kwa kila mtu, hajakudhulumu, maana mpangilio haubadiliki. Shaka ije pale anapokuwa mkali kwa baadhi na laini kwa wengine.

Na hilo hutokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochambua alama za majaji wa dresaji wa kimataifa, ulikuta kwamba majaji huwapendelea wapandaji wa taifa lao. Ndiyo maana mashindano makubwa huweka majaji wengi wa mataifa mbalimbali kuzunguka uwanja, na kwa farasi wa miaka 7 alama huchanganywa: nusu hutoka kwa majaji wanaopima zoezi moja moja, nusu kwa jopo linalopima ubora wa farasi.

Farasi wangu dume aliyehasiwa ana miaka minne na nusu. Alikuwa ameshatulia mdomoni, sasa anafungua mdomo na kutoa ulimi pembeni. Utiifu umeshuka kutoka 7.5 hadi 6.2. Mwalimu ananiambia nikaze mkanda wa pua.

Usikaze, tafadhali. Umri huo peke yake unatosha kukutuma kwa daktari wa mifugo kwanza. Farasi hubadilisha kato za katikati akiwa na miaka 2 na nusu hivi, zinazofuata miaka 3 na nusu, na za pembeni miaka 4 na nusu. Karibu na miaka 4 magego ya mbele ya mwisho hudondosha vifuniko vya utoto, na kati ya miaka 4 na 5 madume huota chonge, katika ule mwanya uleule ambamo lijamu hukaa. Fizi imevimba, chuma kinaigonga, naye anaufungua mdomo kukikwepa. Mwambie daktari akague pia vijino vidogo mbele ya magego, maana navyo huchokozwa na lijamu.

Wakati ukisubiri, mpumzishe lijamu. Mzungushe kwa kamba ndefu akiwa na hatamu ya puani, dakika 15 hadi 20, ukibadilisha upande mara kwa mara. Vidole viwili vya mtu mzima viweze kupita kati ya mkanda wa pua na mfupa wa pua, mbele kabisa. Kupima shavuni hakusaidii, huko huwa panalegea hata mkanda ukiwa umekaza.

Elewa pia neno utiifu linapima nini. Jaji hatafuti farasi aliyenyamazishwa. Anatafuta farasi anayeifuata hatamu kwa imani, mdomo umefungwa kwa utulivu, masikio yakimsikiliza mpandaji. Njia ya kujipima mwenyewe: katika kanta kwenye duara la mita 20, sogeza mikono yote miwili mbele kwenye shingo kwa hatua tatu au nne. Farasi mzuri hubaki na mwendo uleule, pua ikisogea mbele kidogo. Akikimbia, alikuwa ameegemea mikono yako. Akiinua kichwa juu, alikuwa amefungwa.

Kosa la mara moja, kama kushtukia bango, majaji wa farasi vijana hulivumilia. Mdomo ulio wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho hawalivumilii, na wana haki.

Nimeona kwenye mashindano ya Ujerumani mtu mwingine anapanda farasi wa mshindani katikati ya fainali. Ni nini kile?

Huyo ni mpandaji wa majaribio. Katika fainali za farasi wa miaka 3 na 4 kwenye Bundeschampionat huko Warendorf, mpandaji mgeni humpanda kila farasi na kutoa alama kwa alivyohisi mgongoni. Farasi anayependeza machoni lakini hapandiki hujulikana ndani ya dakika chache. Ni njia bora ya kulipunguzia nguvu jicho, na tungependa kuiona kwingine.

Farasi aliyezaliwa Juni anahesabiwaje umri?

Kwa kanuni za FEI, kaskazini mwa ikweta umri huhesabiwa kuanzia Januari 1 ya mwaka wa kuzaliwa, kusini kuanzia Agosti 1. Hivyo wa Februari na wa Juni hushindana pamoja huku mmoja akimzidi mwenzake miezi minne. Kwa farasi wa miaka 4 hiyo ni tofauti inayoonekana, hasa mgongoni, kwani pingili za uti wa mgongo hukomaa mwisho, karibu miaka 5 na nusu au zaidi. Wa Juni mpe msimu mmoja wa kusubiri kama mabega na nyonga bado havijalingana kimo.

Je, naweza kukata rufaa nikiona alama zimeonewa?

Alama yenyewe, hapana. Alichokiona jaji uwanjani hakikatiwi rufaa. Hesabu, ndiyo. Chukua karatasi yako mara tu inapotolewa, kagua kama kila sanduku limejazwa, kama alama zenye kizidishi cha 2 zimezidishwa kweli, na kama makato ya kupotea njia ni sahihi. Ukikuta kosa, nenda kwa katibu wa mashindano kabla ya muda wa malalamiko kuisha, ukiwa na karatasi mkononi. Ukitaka maelezo, mwombe katibu akukutanishe na jaji baada ya darasa lake la mwisho la siku, na uulize juu ya zoezi moja mahususi. Mfano: "Kwenye telki ndefu ya pili, kutoka K hadi M, uliona nini kwenye mguu wa nyuma?" Swali la namna hiyo hujibika.