Maswali yenu kuhusu Lowry na watu wake wembamba

Nilivyoongelea ule mchoro wa L.S. Lowry, mchoraji wa Kiingereza, unaitwa Coming from the Mill wa 1930, wafanyakazi wanamiminika kutoka kiwandani huko Salford, Uingereza, maswali yalikuja mengi. Najibu haya.

Mbona watu wake wamekaa kama njiti za kiberiti, jamaa hakujua kuchora?

Alijua sana tu. Alisoma sanaa miaka kibao, madarasa ya jioni Manchester, mwalimu wake Mfaransa anaitwa Adolphe Valette, na sura za watu alizichora vizuri kabisa. Hebu sogea karibu uwaangalie hao watu: mgongo umeinama, viatu vyeusi vikubwa kuliko mguu, na kivuli hana hata mmoja. Aliamua hivyo. Umati ukiutazama kwa mbali pua ya mtu unaiona wapi?

Ile nyeupe chini ni theluji?

Wala. Aliambiwa picha zake zina giza mno, ndo akaanza kupaka nyeupe kwanza halafu watu na majengo juu yake. Rangi zake zilikuwa tano tu, nyeusi, nyekundu, bluu, njano ya udongo na nyeupe, na hiyo nyeupe alijua kabisa ikikaa miaka inageuka krimu na alikuwa anataka igeuke.

Alikuwa anaishi kwa kuuza picha?

Hapana, na hapa ndo pananikosha. Alikuwa mkusanya kodi za nyumba, kampuni ya Pall Mall Property, mpaka akastaafu 1952, yaani mchana anapita mlango kwa mlango kwenye mitaa hiyohiyo, usiku mama yake mgonjwa akishalala ndo anashika brashi. Kazi ya kodi aliificha, hakutaka aonekane msanii wa wikendi. Mi nasema bila kodi hizo asingeijua mitaa ile hivyo, mbwa, watoto, mzee kaegemea ukuta, wote wamo.

Zinauzwaje sasa?

Going to the Match ya 1953, mashabiki wanaenda uwanja wa Bolton, iliuzwa Oktoba 2022 pauni milioni 7.8. Nafuu ni kwamba walionunua ni The Lowry, kituo cha sanaa hapohapo Salford, maana ingeishia sebuleni kwa tajiri.

Kweli aliukataa u-Sir, kile cheo cha heshima cha Uingereza?

Kweli, 1968. Na OBE na CBE, nishani nyingine za heshima za Uingereza, alishazikataa kabla.