Nimesambaza habari ya uongo nikidhani ni kweli. Je, nina dhambi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nilipokea sauti ya mwanamke analia, anasema kuna watu wanaiba watoto kwa gari jeupe. Kwa hofu niliituma kwenye makundi manne ya WhatsApp. Kesho yake polisi wakasema hakuna kitu kama hicho. Nia yangu ilikuwa kuwalinda watoto. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, hofu yako naielewa. Anayesikia kilio cha mama mwenzake moyo hauwezi kutulia. Lakini kabla ya kuituma ulipaswa kuhakiki, na hilo hukulifanya.

Katika kisa cha Ifk, yaani uzushi, Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, aliposingiziwa zinaa na Madina ikachafuka karibu mwezi mzima, Mwenyezi Mungu aliwaambia Waislamu: "Mlipoyapokea kwa ndimi zenu" (Qur'ani 24:15). Habari hupokewa kwa masikio. Wao zilifika moja kwa moja ulimini, hazikupita hata moyoni. Kidole chako leo ndicho ulimi ule. Mtazame Abu Ayyub al-Ansari, sahaba wa Mtume. Mkewe alipomuuliza kama ameyasikia yanayosemwa, alijibu kuwa ni uongo, kisha akamuuliza: "Wewe ungeweza kulifanya?" Akasema: "La, wallahi." Akamwambia: "Basi Aisha ni bora kuliko wewe." Uvumi ukaishia mlangoni kwao.

Na usidhani uvumi unahitaji waongo wengi. Aprili 1954, huko Seattle, Marekani, zilienea habari kuwa kuna kitu kinatoboa vioo vya mbele vya magari. Watu wakatoka kukagua, na kweli wakakuta vishimo vidogo. Meya akapeleka ombi la msaada hadi kwa Rais Eisenhower. Vingi vya vishimo vile vilikuwa uchakavu wa kawaida wa barabarani. Siku zote watu walitazama nje kupitia kioo. Safari hii walikitazama kioo chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliosikia sauti uliyotuma: kila gari jeupe likawa la mwizi, na dereva asiye na kosa angeweza kupigwa hadi kufa mbele ya watoto wake. Hili ndilo linalonitisha zaidi kuliko uongo wenyewe.

Kwa hiyo istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, peke yake haitoshi. Katika 2:160 Mwenyezi Mungu anawataja waliotubu, wakatengeneza, wakabainisha. Aya iliteremka kuhusu wanaoficha haki, lakini njia ya kurekebisha ni hiyo hiyo. Usifute ujumbe kimyakimya. Rudi kwenye makundi yote manne, useme kwa sauti yako mwenyewe kwamba ulikosea, na uwaombe walioupeleka mbele waufikishe usahihisho huko huko. Ukisikia kuna aliyedhurika kwa ajili yake, mwendee umtake radhi. Fanya hivyo leo, kabla ya Isha.

Wallahu a'lam.