Subaru iliyovaa bangili

Siku mama mkwe alipopanda gari langu kwa mara ya kwanza, tulikuwa Nkuhungu, hapa Dodoma, tunajiandaa kumrudisha Kondoa. Aliinama taratibu, akaangalia gurudumu la mbele, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hili gari limevaa matairi au limevaa bangili?"

Nikacheka. Mke wangu hakucheka, kwa sababu yeye alijua bei ya hizo bangili. Ndizo zilizonifundisha gari lililoshushwa livae matairi ya saizi gani.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, lile umbo la GDA la mwanzoni mwa miaka ya 2000, gia za mkono. Nililikuta kwa muuzaji likiwa limeshachuchumaa, yaani limeshushwa: springi zimekatwa kwa grinda, rimu za inchi 18, matairi 215/35R18. Kwenye picha lilikuwa limeua. Kwenye matuta ya Chamwino lilikwaruza tumbo kama debe linaloburutwa kwenye sakafu.

Kondoa tulikwenda na kurudi bila tatizo, lami ya kule ni nzuri. Kilichoniponza ni shimo moja karibu na Kibaigwa, wiki chache baadaye, usiku, lori limeniwashia taa kali usoni. Magurudumu yote mawili ya mbele yaliingia. Asubuhi nikakuta tairi la kushoto limetoa nundu ubavuni, kubwa kama limau, na la kulia lina mpasuko pale ukingo wa rimu ulipolibana. Rimu ilinyooshwa. Matairi hayanyooshwi, na nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia litakufikisha.

Nikazunguka maduka ya mjini kutafuta 215/35R18, sikupata. Muuzaji mmoja akaniambia, "Mkuu, chukua hizi 225/40. Rimu si ni kumi na nane ile ile? Zitaingia." Kweli, ziliingia. Nikafunga mbili mpya mbele, nyuma nikaacha zile za zamani, nikaondoka kwenda Morogoro.

Kabla sijafika Gairo nilianza kusikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Nilipokata kona ya kuingia sheli, gari likagoma, likawa zito kama mtu amevuta breki ya mkono. Nilijikongoja hivyo hivyo hadi Morogoro, nikijua gia zimekufa. Fundi niliyeelekezwa hakugusa gia. Alichukua tepu, akapima gurudumu la mbele, akapima la nyuma, akasimama.

"Kaka, umevaa kiatu kirefu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine, halafu unalalamika kiuno?"

Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza hesabu ambayo ningeifanya kwa dakika mbili kabla ya kununua. Namba ya kwanza ubavuni ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, lakini haiandikwi kwa milimita, ni asilimia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo 215/35R18 ina ubavu wa milimita 75 tu: asilimia 35 ya 215. Zidisha mara mbili, maana kuna ubavu juu na ubavu chini, jumlisha na rimu (18 mara 25.4, yaani 457), unapata kipenyo cha milimita 608 hivi. Ile 225/40R18 niliyouziwa kwa neno la "rimu ni ile ile" ina ubavu wa milimita 90 na kipenyo cha 637.

Tofauti ya milimita 29 haionekani kuwa kitu. Lakini kwa kila kilomita, tairi langu la nyuma lilikuwa linazunguka karibu mara 24 zaidi ya la mbele. Gari la kuvuta mbele pekee, au nyuma pekee, lisingesumbuka sana. WRX inavuta magurudumu yote manne, na katikati kuna difu, kigawanya nguvu kati ya mbele na nyuma, ambayo ndani yake mna visahani vilivyozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Kazi yake ni kuvumilia tofauti ndogo ya mwendo, ile ya kwenye kona. Mimi niliilazimisha ivumilie kona isiyokwisha. Ikachemka, ikajifunga. Subaru wanataka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kidogo. Yangu ilitofautiana kwa milimita 93.

Difu mpya, ambayo kwa kweli ilikuwa ya mtumba, ilinigharimu kuliko matairi manne. Tangu siku hiyo kama gari ni la kuvuta magurudumu yote, nanunua manne, aina moja, siku moja. Hata mawili mapya na mawili yaliyolika nusu ya saizi ile ile siyachanganyi, kwa sababu tairi jipya lina meno ya milimita 8 hivi, na likilika milimita 4 kipenyo chake kimepungua 8.

Sasa swali lenyewe: gari limeshushwa, uvae saizi gani?

Anza na saizi ya kiwandani, hata kama gari ulilikuta na kitu kingine. WRX za umbo hili zilitoka na 205/55R16, kipenyo milimita 632, au 215/45R17, kipenyo 625, kutegemea mwaka na soko. Hicho ndicho kipenyo ambacho spidomita, gia na breki vilipangiwa. Mafundi wengi hukubali kupishana asilimia 3. Mimi sipendi kuvuka moja na nusu. Zile bangili zangu za 608 zilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 4 ukilinganisha na za inchi 16, na hapo kuna jambo vijana wengi tunajidanganya nalo. Tunachagua tairi dogo ili lisiguse fenda, tukidhani tumepata nafasi ya bure. Siyo bure. Gari linashuka tena kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, kwangu milimita 12, juu ya zile ulizokwisha kushusha. Fenda inapona, bampa na eksozi vinalia.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo ningemwambia kila anayeshusha gari katika mji huu. Ukishusha gari umepunguza safari ya springi. Shimo ambalo springi ndefu ingelimeza, fupi inalimeza nusu kisha inagota. Kinachobaki kati ya shimo na rimu ni ubavu wa tairi. Kwenye 215/35R18 ni milimita 75, kwenye 215/45R17 ni 97, kwenye 205/55R16 ni 113. Dodoma ina lami safi kwenye barabara kuu, lakini ukitoka pale kwenda nyumbani unashuka ukingo wa lami, unaingia kwenye vumbi la Ipagala au makorongo yaliyochimbwa na mvua za Januari, na huko ndiko gari linakolala. Chagua tairi kwa ajili ya mita mia mbili za mwisho.

Ndiyo maana nilirudi inchi 17. Nilitupa springi zilizokatwa (zikikatwa hazikai sawasawa kwenye kikombe chake, na gari likinyanyuka kwenye tuta zinaweza kuhama), nikafunga fupi za kununua zinazoshusha milimita 25 hivi, na 215/45R17 kwenye rimu za upana wa inchi 7. Nikisema ukweli, akili ilikuwa inasema inchi 16. Rafiki yangu mwenye gari kama langu anavaa 205/55R16, hajawahi kupinda rimu, na saizi hiyo inapatikana kila duka. Ila linaonekana kama limevaa viatu vya shule. Nilishindwa. Kama gari lako ni STI (ndugu wa WRX mwenye nguvu zaidi) yenye breki za Brembo, usihangaike kufikiria 16, rimu hazitapita juu ya kalipa.

Mwingine nilimshauri asiweke 215/50R17, akaweka. Ubavu mnene, raha tupu kwenye mashimo, lakini kipenyo ni 647 na tairi likawa linapumua jirani kabisa na kikombe cha chini cha springi. Gari liliposhuka na abiria, likaanza kujichubua.

Kuhusu rimu nitasema haraka, kwa sababu kosa lenyewe ni la aina moja. Nati tano si nati tano. Subaru yangu ina duara la nati la milimita 100, Altezza ina 114.3, na muuzaji asiyejali atakwambia "itabanwa tu". Rimu za Toyota Wish na Premio zina hilo duara la 100, na mjini zimejaa, ila tundu lake la katikati ni milimita 54.1 wakati kitovu cha Subaru ni 56.1. Haikai mpaka ichongwe. Kisha angalia namba ya ofseti iliyopigwa mgongoni mwa rimu, yaani milimita kati ya pale rimu inapobanwa na katikati ya upana wake. Za kiwandani kwetu ni hamsini na kitu; ukifunga ya 35 gurudumu linatoka nje karibu milimita 20, na hapo hata saizi sahihi ya tairi itakata fenda.

Hakuna hesabu inayotosha kabla hujajaribu kwenye gari lenyewe, na mimi najaribu kwa ugali. Sifanyi mzaha. Chukua kiporo cha ugali mgumu, funga vipande kwenye mfuko wa nailoni, bandika kwa utepe wa karatasi wenye gundi ndani ya fenda, pale juu na pale mbele karibu na bampa. Pakia watu watatu nyuma, wa kilo zao, endesha polepole juu ya tuta, kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Shuka uangalie ugali umebaki unene gani. Ukibaki chini ya kidole kimoja, hiyo saizi itagusa ukienda na mizigo. Mke wangu alinikuta katika zoezi hilo, akarudi ndani bila kusema neno.

Baada ya saizi, soma ile namba ndogo inayofuata, kama 91V au 84W. Namba ni uzito ambao tairi moja linabeba: 91 ni kilo 615, 84 ni kilo 500. Herufi ni mwendo: V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270. Tairi la ubavu mfupi lenye alama ya XL (lililoimarishwa libebe zaidi) hubeba uzito wake kamili likiwa na upepo mwingi, karibu PSI 42, wakati kijana wa pancha amezoea kumjazia kila mtu 32 bila kuuliza. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja ubavuni kila mzunguko, linapata joto, na ukilipeleka Morogoro saa nane mchana wa Oktoba na watu watano ndani, unalitafuta kupasuka. Pima asubuhi gari likiwa limelala. Kila nyuzijoto tano au sita zinazopungua zinaondoka na kama alama moja ya upepo, kwa hiyo ile baridi ya Juni na Julai yenye upepo wa Dodoma itakukuta pungufu hata kama huna pancha. Na pancha hutakosa. Miiba ya huku haijali tairi la bei gani.

Spidomita nayo inafuata kipenyo. Nikiwa na bangili ilisoma 100 wakati natembea 96, kwa hiyo sikupigwa tochi hata mara moja na nikajiona dereva mwema. Anayefunga tairi kubwa kuliko la kiwandani ndiye wa kuangalia, kwa sababu sindano itasema 50 kwenye kibao cha 50 na yeye ameshapita.

Gari lililoshushwa halafu halikupelekwa kwenye alaimenti hula matairi kwa ndani. Ukisimama kando unaona meno mazima, unafurahi. Ingiza mkono nyuma ya tairi, papasa ule ukingo wa ndani, usiutazame tu. Mimi nilishagusa waya pale ambapo nje palionekana papya. Kinachomaliza tairi mara nyingi si ule mlalo wa gurudumu, ni magurudumu kutazamana vibaya, na hilo linarekebishika kwa nusu saa.

Kwa wanaonunua matairi yaliyotumika, tafuta zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu na miaka tisa limekaa juani kwa mtu mwingine. Pale Mtumba kuna Mji wa Serikali, lakini mtumba wa tairi hauna serikali ya kukulinda.

La mwisho ni spea. Ile ndogo iliyokuja na gari ina kipenyo chake, na sasa unajua difu inasemaje kuhusu hilo. Nilinunua rimu ya tano na tairi la tano, 215/45R17 kama mengine, na kila ninapozungusha matairi na lenyewe linaingia zamu. Limekula nusu ya buti. Msimu wa zabibu, mama mkwe anaposafiri nasi, makreti yanakaa mapajani.