Udongo mweusi wa mbuga: rangi isikudanganye

Mkuu, umeuliza kama udongo mweusi unaopasuka huko mbugani Shinyanga una rutuba kwa vile ni mweusi, na wataalamu wanauweka kundi gani.

Weusi si kipimo cha rutuba. Mboji yake mara nyingi haifiki asilimia 3, na naitrojeni huwa haba, kwa hiyo samadi bado inahitajika.

Kinachoutambulisha ni udongo wa mfinyanzi wa aina ya smektaiti, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi nyufa zinaweza kushuka hadi mita moja, na udongo wa juu humegukia humo. Mvua zikirudi, mfinyanzi unavimba lakini pa kutanukia hapana. Mabonge yanasukumana na kusuguana huko chini. Chimba shimo uone mwenyewe: ukikuta nyuso zilizolala mshazari, zinang'aa kama zimepigwa msasa, na mfinyanzi unafika asilimia 30 au zaidi, hiyo karibu hakika ni kundi la Vetisoli, kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo (WRB) na kwa ule wa Marekani pia. Wamarekani huzigawa zaidi kwa kuangalia nyufa hukaa wazi siku ngapi kwa mwaka.

Ukilowa, nyufa hujifunga na maji hupenya polepole mno. Ndiyo maana Wasukuma hulima mpunga wa majaruba humo, na wako sahihi kabisa. Ila nyumba usijenge hapo kwa msingi wa kawaida, kuta zitapasuka.