Barua ya uhamisho huanza mapema

Swali la wiki: mwalimu mkuu afanye nini ili walimu wapya wasikimbie shule za vijijini?

Mwalimu mkuu hapandishi mshahara wala hajengi nyumba za walimu. Ila katika shule zetu za Tanzania, mengi yanayomfanya mwalimu aanze kufikiria barua ya uhamisho yamo mikononi mwake, na huanza muhula ule ule wa kwanza.

Mgeni akiripoti hubebeshwa walivyokwepa wenzake: darasa la kwanza lililofurika, michezo, na zamu ya wiki inayofuata. Apunguziwe vipindi muhula huo, aunganishwe na mzoefu wa somo lake, na zamu ya kwanza washike wawili. Posho ya kujikimu au mshahara wa kwanza ukichelewa, mwalimu mkuu ndiye afuatilie halmashauri, maana mgeni hajui hata mlango wa kubisha.

Kinachovunja moyo zaidi, naamini, ni namna tunavyokagua ufundishaji. Msimamizi anaingia katikati ya kipindi, anadai andalio la somo na azimio la kazi, anamkosoa mwalimu mbele ya wanafunzi, anaondoka. Mwalimu anaelewa kuwa kinachohesabika ni makaratasi, basi anajaza makaratasi. Wakubaliane siku moja kabla: darasa lipi, na jambo gani moja litazamwe, tuseme uulizaji wa maswali. Msimamizi akae nyuma dakika zote 40, aandike alichokiona na si hukumu: “Maswali 9, 7 yamejibiwa na watoto wa mbele.” Siku hiyo hiyo wakae faragha, mwalimu aanze kueleza mwenyewe, watoke na rekebisho moja tu. Baada ya wiki mbili arudi kuliangalia hilo hilo. Asiporudi, mwalimu atajua lilikuwa zoezi la kujaza fomu.

Halafu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma. Tangu ichukue nafasi ya OPRAS, mfumo wa awali wa upimaji huo, mwalimu huingiza kazi zake na msimamizi huzithibitisha. Msimamizi akizembea, alama za mwalimu hushuka bila kosa lake, na hofu ya kukosa kupandishwa daraja humtia uchungu kuliko maneno makali. Saa mbili za kila Ijumaa zinatosha kuzipitia zote. Mahali ambapo mtandao haushiki, siku ya kwenda mjini kwa shughuli za shule ndiyo hiyo hiyo ya kuthibitisha, na walimu waambiwe tarehe yake mapema ili wawe wameshajaza.