Makaratasi yanayorushwa usiku wa mwisho wa Bunge la Georgia: ni desturi au ni fujo?

Aliyeanzisha mjadala huu anauliza kwa nini wabunge wa jimbo la Georgia, watu wazima na suti zao, walionekana kwenye video wakirusha vipande vya karatasi hewani, na kama hiyo ni desturi au ni utovu wa nidhamu. Ninaishi jirani na Atlanta na nimewahi kukaa kwenye roshani ya wageni usiku huo. Kwangu mimi ni desturi, tena yenye maana kuliko inavyoonekana.

Katiba ya Georgia hulipatia Bunge la jimbo siku 40 tu za kazi kila mwaka. Hesabu huanza Jumatatu ya pili ya Januari, lakini kwa kuwa siku hizo si lazima zifuatane, ya mwisho huangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Huitwa kwa Kilatini sine die, yaani kuahirisha bila kutaja siku ya kukutana tena. (Wenyeji hutamka "saini dai", nami mara ya kwanza nilidhani ni jina la mtu.) Dodoma Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha Bunge na wabunge huondoka wakijua watarudi lini, huku, siku zikiisha, zimeisha.

Saa sita ya usiku inapokaribia, miswada hukimbizwa kati ya Baraza la Wawakilishi na Seneti, na meza hufurika nakala za marekebisho. Usiku ule nilimwona mbunge mmoja akirarua ratiba ya siku chini ya meza, taratibu, kipande baada ya kipande, huku uso wake ukijifanya unamsikiliza msemaji. Nyundo ya Spika ilipogonga, ukumbi mzima uligeuka mweupe. Sehemu ya karatasi zile ni miswada iliyokosa kura, na katika mwaka wa pili wa muhula muswada wa namna hiyo hauna pa kusubiri: huo umekufa, na atakayeutaka atauanza upya katika Bunge jipya.

Uzito wa saa hiyo unaonekana vizuri katika kisa cha mwaka 1964. Mwakilishi Denmark Groover, akipigania ugawaji wa majimbo ya uchaguzi, aliinama juu ya ukingo wa roshani ili aisimamishe saa ya ukutani isifike usiku wa manane. Saa ikaanguka na kuvunjika. Picha yake ipo hadi leo.

Jirani zao wa Florida, ambao kikao chao ni cha siku 60 mfululizo, hufunga kwa upole zaidi. Wapambe wa mabaraza mawili husimama katika ukumbi wa duara ulio kati ya milango ya mabaraza hayo, kila mmoja na leso yake, kisha huziachia zianguke kwa pamoja, ishara kwamba pande zote zimemaliza. Kwa uzuri naipa Florida ushindi, ila leso haikuonyeshi kilichopotea.

Kuhusu swali la nyongeza, kama sheria zilizopita huanza kutumika usiku uleule: hapana, kwa sababu Gavana wa Georgia ana siku 40 baada ya kikao kufungwa ili atie saini au akatae.