Speke wa Ziwa Nyanza na Speke ya Liverpool: je, ni ukoo mmoja?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwongoza watalii hapa Mwanza. Kila nikiwaonyesha wageni Ghuba ya Speke huniuliza habari za huyo Mwingereza aliyeachiwa jina pale. Hivi karibuni nilimpokea mzee kutoka Uingereza ambaye jina lake la ukoo ni Speak, na kwao ni Lancashire. Aliniambia kwamba yeye na John Hanning Speke ni damu moja, na kwamba asili yao wote ni jumba la Speke Hall, karibu na Liverpool. Nimeanza kuwasimulia wageni wengine hivyo. Je, niko sahihi? Na jina adimu namna hii ninyi mnalifuatiliaje mpaka mkajua lilianzia wapi?

JIBU

Ndugu yangu, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuuliza kabla hadithi haijaenea. Hiyo ya Speke Hall usiisimulie tena. John Hanning Speke, mpelelezi aliyefika mwambao wa kusini wa Ziwa Nyanza, yaani Victoria, tarehe 3 Agosti 1858, hakuwa mtu wa Liverpool wala wa Lancashire. Alizaliwa mwaka 1827 Orleigh Court, karibu na Bideford katika kaunti ya Devon. Kwa baba yake palikuwa Jordans, karibu na mji mdogo wa Ilminster, Somerset. Kaburi lake liko kanisani Dowlish Wake, kijiji cha jirani. Kote huko ni kusini-magharibi mwa Uingereza, na kutoka hapo hadi Liverpool ni zaidi ya kilomita 250.

Jumba lenyewe lilijengwa karne ya 16 na ukoo wa Norris. Kutoka kwa akina Norris likaingia kwa akina Beauclerk kwa njia ya ndoa, na mwaka 1795 likanunuliwa na mfanyabiashara wa Liverpool, Richard Watt. Akina Speke wa Somerset hawamo katika mlolongo huo wa wamiliki. Speke ni jina la mahali ambapo jumba linasimama, na mahali hapo palikuwa na jina hilo karne nyingi kabla ya jumba kuwepo.

Sasa tuje kwenye jina. Speke ni jina moja kwa maandishi tu. Kwa asili ni majina mawili, na mawili hayo yanaonekana ndani ya kitabu kimoja. Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William, yule aliyeiteka Uingereza kutoka Normandy, waliorodhesha ardhi ya nchi pamoja na wenye kuimiliki. Katika orodha hiyo, iitwayo Domesday Book, chini ya kaunti ya Bedfordshire yumo bwana aliyeandikwa William Spech. Na katika kurasa zinazohusu ardhi iliyo kati ya mito Ribble na Mersey, kimo kijiji kilichoandikwa Spec. Kijiji hicho ndicho Speke ya Liverpool. Jina lake ni la Kiingereza cha kale na linahusu vijiti na matawi ya vichakani. Jina la William ni la utani, limetoka kwenye Kifaransa cha Wanormani, na maana yake ni kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti kwa mdomo. Matamshi yakakaribiana, tahajia ikakaribiana, na watu wa baadaye wakadhani ni kitu kimoja.

Sisi tunaofuatilia asili ya majina ya koo tunatenganisha asili hizo kwa kuangalia neno dogo lililotangulia jina. Katika nyaraka za karne ya 12 na 13, mtu akiandikwa kwa «de», karani anasema huyu ni wa mahali fulani. Akiandikwa kwa «le», karani anatoa sifa au jina la utani. Ukoo wa Devon, ambao ndio wa John Hanning Speke, huandikwa «le Espek». Hawakutoka kijiji chochote kiitwacho Speke. Tena kwao mambo yalikwenda kinyume kabisa: karibu na Exeter kipo kijiji cha Brampford Speke, ambacho hapo kale kiliitwa Brampford tu. Hilo Speke la mwisho lilibandikwa kwa sababu ya akina le Espek waliokimiliki. Kule Liverpool kijiji kiliwapa watu jina. Huku Devon watu walikipa kijiji jina. Ningekushauri wageni wako uwasimulie hilo badala ya habari za jumba, kwa maana ni la kweli na linavutia zaidi.

Mgeni msomi anaweza kukutajia Walter Espec. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa kaskazini enzi za Mfalme Henry wa Kwanza. Alianzisha monasteri ya Rievaulx huko Yorkshire mwaka 1132, na alikuwa miongoni mwa viongozi wa vita vya mwaka 1138 dhidi ya Waskoti. Watungaji wengi wa miti ya ukoo hupenda kumweka juu kabisa, kwa kuwa ni mtu maarufu na jina linafanana. Tatizo ni kwamba Walter hakuacha mtoto, na ardhi zake ziligawanywa kwa dada zake. Anaweza kuwa ndugu wa kando, lakini babu hawezi kuwa. Mti wowote wa ukoo wenye mstari unaoshuka moja kwa moja kutoka kwake, uukatae.

Kutoka Devon, akina Speke walisogea mashariki hadi Somerset, na kilichowasogeza hasa ni ndoa. Mwanamume anaoa binti asiye na kaka, na ardhi ya baba mkwe inakuja pamoja na mke. Ndivyo Dowlish Wake ilivyoingia kwao, na ndivyo Whitelackington ilivyofuata, ikawa makao yao makuu. Sir John Speke, aliyefariki mwaka 1518, ana kanisa dogo la kumbukumbu ndani ya kanisa kuu la Exeter. Mwaka 1685 Charles Speke alinyongwa Ilminster kwa kuhusishwa na uasi wa Mtawala (Duke) wa Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili, katika zile hukumu za Jaji Jeffreys ambazo watu wa Somerset wanazikumbuka mpaka leo.

Halafu jambo lile lile lililowatajirisha likawageukia. Katika karne ya 18 tawi kuu liliishia kwa binti, Anne Speke. Mwaka 1756 aliolewa na Frederick North, ambaye ndiye Lord North, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati makoloni ya Amerika yanaasi. Ardhi ikaenda kwa North, na watoto wakawa North. Jina la Speke likabaki kwa tawi dogo la Jordans, na kutoka tawi hilo ndipo akatokea mtu wa ghuba yako. Naye hakuoa wala hakuacha mtoto. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda Wiltshire, tarehe 15 Septemba 1864. Kwa hiyo mgeni yeyote atakayekuambia yeye ni kitukuu chake wa moja kwa moja, mkaribishe vizuri, lakini dai lake usilikubali. Wazao wa ndugu zake ni jambo jingine.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini jina linakuwa adimu. Ukoo unaweza kuwa na watu wengi wenye afya na mali, na bado jina likafa, kwa sababu kwa desturi ya Waingereza jina hupita kwa watoto wa kiume. Francis Galton na Henry Watson walilifanyia hesabu jambo hilo mwaka 1874. Walionyesha kwamba hata bila njaa wala vita, bahati tu ya kuzaa wavulana au wasichana inatosha kufuta majina mengi baada ya vizazi kadhaa. Ongeza tauni kuu iliyoingia Uingereza mwaka 1348, na utaona kwa nini majina mengi ya zama hizo yalibaki na familia moja au yakatoweka. Smith, yaani mhunzi, hapotei, maana kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake.

Tuje kwa mzee wako wa Lancashire. Jina Speak, kwa tahajia hiyo, makao yake ya zamani ni mashariki mwa Lancashire na upande wa pili wa mpaka, West Riding ya Yorkshire. Speake, yenye «e» mwishoni, inaelekea Shropshire na mpaka wa Wales. Speke ya kusini-magharibi ni Devon na Somerset. Hizo ni kanda tatu tofauti, na mimi sijengi daraja kati ya kanda na kanda bila karatasi mkononi. Yorkshire ina jina jingine tena la ndege huyo huyo, Speight, nalo ni la kawaida sana kule. Mzee wako anaweza kuwa ametoka kwa mtu aliyehama kijiji cha Speke akaitwa kwa jina la alikotoka, au kwa mtu wa kaskazini aliyepewa jina la kigong'ota. Yote mawili yanawezekana, na hakuna hata moja linalomhitaji yule wa Somerset.

Uliuliza tunafuatiliaje. Tunaanza na sensa ya Uingereza ya 1881, kwa sababu imenakiliwa yote na watu wengi walikuwa bado wanaishi si mbali na walikozaliwa babu zao. Hapa wengi hukosea: huhesabu watu wenye jina, wakakuta London inaongoza, wakatangaza jina ni la London. London huongoza karibu kwa kila jina, kwa kuwa ilikuwa na watu wengi kuliko kwingine. Kinachotakiwa ni uwiano, yaani wenye jina hilo ni wangapi katika kila watu 100,000 wa wilaya ile ya usajili. Ukichora ramani kwa uwiano huo, jina adimu hujitokeza kama doa jeusi mahali pamoja au pawili. Doa moja linaashiria asili moja. Madoa mawili au zaidi yaliyo mbalimbali, kama haya yetu matatu, ni onyo kwamba pengine si jina moja.

Kutoka 1881 tunarudi nyuma hatua kwa hatua: usajili wa serikali ulioanza Julai 1837, kodi ya meko, iliyotozwa kwa kila meko la nyumba, ya miaka ya 1662 hadi 1689, vitabu vya parokia vilivyoamriwa mwaka 1538, na kodi za kichwa za 1377, 1379 na 1381. Kila hatua tunauliza kama doa limebaki pale pale. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo tunatafuta Speke, Speek, Speak, Speake, Speck na Espek kwa pamoja. Hata mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa namna tatu katika maisha yake. Kwa hiyo tofauti ya herufi peke yake haimtengi mzee wako na Speke wa Somerset, kama ambavyo kufanana kwa herufi peke yake kusingewaunganisha. Jografia ndiyo inayowatenga.

Kwa Devon na Somerset kuna pengo linaloniumiza kila nikikutana nalo. Wosia za zamani za Devon, na nyingi za Somerset, zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, na zikateketea katika mashambulizi ya ndege za Ujerumani ya Mei 1942. Zilizosalimika ni zile zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ambazo leo ziko kwenye hifadhi ya taifa Kew, London. Huko wosia wa mtu mwenye mali kama Speke wa Whitelackington unapatikana. Wa binamu yake maskini aliyekuwa mkulima mdogo umeungua. Ndiyo sababu ukoo wenye jina hili unaonekana kana kwamba ulikuwa wa mabwana watupu.

Kipimo cha DNA kinaweza kusaidia pale karatasi zinapokatika. Kromosomu Y, sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ile ile ya jina. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Uingereza. Wenye jina adimu mara nyingi walikutana kwa babu mmoja au wachache. Wenye majina ya kawaida kama Smith hawakuonyesha undugu wowote wa maana. Lakini kipimo kinahitaji wanaume wawili: Speak wa Lancashire na Speke ambaye nasaba yake ya Somerset imethibitishwa. Ukimpima mmoja peke yake hujapata jibu.

Kama bado una mawasiliano na mzee huyo, mwombe kitu kimoja: nakala ya cheti cha ndoa cha babu wa zamani kabisa anayemjua kwa upande wa baba. Vyeti vya Uingereza tangu 1837 vina safu ya jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, kwa hiyo kila cheti kinakupandisha kizazi kimoja juu. Mwombe pia majina ya katikati ya wazee wake wote. Waingereza walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama. Hanning ya John Hanning Speke ni ukoo wa mama yake, Georgina Hanning. Akikutumia vitu hivyo niletee, na nitakuonyesha jinsi ya kutoka kwenye cheti hadi kwenye kitabu cha parokia yake huko Lancashire.